Sébastien Haller na saratani ya korodani: alama za hatari zinaonyesha nini, zinaficha nini

Jumatatu ya tarehe 18 Julai 2022, Borussia Dortmund walikuwa kambini Bad Ragaz, Uswisi, wakijiandaa kwa msimu mpya. Baada ya mazoezi ya asubuhi mshambuliaji wao mpya alisema hajisikii vizuri. Alikuwa Sébastien Haller, umri miaka 28, mzaliwa wa Ufaransa mwenye baba Mfaransa na mama wa Côte d'Ivoire. Siku chache tu kabla ya hapo Dortmund walikuwa wamewalipa Ajax zaidi ya euro milioni 30 ili kumpata, kwa sababu msimu uliotangulia alikuwa amefunga mabao 11 katika mechi 8 za Ligi ya Mabingwa. Akapelekwa kupimwa, na jioni ile ile klabu ikatangaza kwamba ameonekana ana uvimbe kwenye korodani. Akaaga kambi. Kabla mwezi haujageuka, majibu ya maabara yakathibitisha kuwa ni saratani na kwamba lazima aanze kemo, yaani tiba ya dawa za kuua seli za saratani.

Hakuwa peke yake. Miezi michache kabla, beki wa Union Berlin, Timo Baumgartl, alikuwa amefanyiwa operesheni ya uvimbe wa korodani. Wiki ile ile ya Haller, Hertha Berlin wakatangaza kwamba Marco Richter naye anao. Mwezi Septemba ikawa zamu ya Jean-Paul Boëtius, wa Hertha vilevile. Wachezaji wanne wa ligi moja, ndani ya takriban nusu mwaka.

Watu waliuliza maswali ambayo yeyote angeuliza. Wengine walilaumu chanjo ya korona, wengine dawa za kuongeza nguvu, wengine bukta za kubana, wengine mpira unaompiga mtu sehemu za siri. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichothibitishwa kusababisha saratani ya korodani. Pigo la mpira lina kazi yake katika visa vingi, ila ni kazi nyingine: mtu anaumia, anajishika, anakuta uvimbe uliokuwapo tangu zamani, kisha anaamini pigo ndilo lililouleta.

Tupige hesabu kidogo. Ujerumani hugundua wagonjwa wapya kama 4,000 kwa mwaka. Kwa vijana wa umri wa wachezaji, hiyo ni kama wagonjwa 20 katika kila wanaume 100,000. Bundesliga ina klabu 18, na wachezaji wake ni kama 500. Kundi la ukubwa huo lingetarajiwa kutoa mgonjwa mmoja kwa miaka kumi hivi. Kwa hiyo wanne kwa nusu mwaka ni jambo la nadra kweli. Lakini ligi duniani ni nyingi, miaka ni mingi na magonjwa ni mengi. Bahati mbaya ikitawanywa kote huko, lazima ifike mahali irundikane, na sisi hutazama pale tu iliporundikana. Walichokuwa nacho pamoja wachezaji wale ni kitu cha kawaida kabisa: miaka 24, 26, 28 na 28, wote wakiishi Ulaya. Saratani nyingi huwasubiri wazee. Hii huwafuata vijana, na katika nchi nyingi za Ulaya ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume wa kati ya miaka 20 na 40.

Swali linalonishughulisha mimi ni jingine. Haller alitoka Ajax akaingia Dortmund kwa njia ya wachezaji wote, yaani kupitia vipimo vya usajili: moyo, magoti, misuli, damu. Je, kungekuwa na alama yoyote, ya mwili au ya jeni, ambayo daktari angeiona mapema na kusema kijana huyu aangaliwe? Sina haja ya kupekua siri za mwili wake, na sitakisia. Nataka kuchukua kila alama inayojulikana na kuuliza ina nguvu gani, na ina nguvu kwa nani.

Inabidi kuanzia mbali, tumboni mwa mama. Korodani hazianzii pale tunapozikuta. Huumbika juu, karibu na figo, kisha hushuka taratibu zikivuta mishipa yao ya damu na ya limfu, zikapita kwenye njia ya kinena, na miezi ya mwisho ya ujauzito zikaingia kwenye mfuko wake. Huko nje kuna ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na ubaridi huo unahitajika ili mbegu zitengenezwe. Ukiikumbuka safari hiyo, mambo mengi ya ugonjwa huu yanajieleza yenyewe.

Mwaka 1972, daktari wa Denmark, Niels Skakkebæk, aliona seli zisizo za kawaida katika vipande vya korodani vya wanaume waliokuwa wakichunguzwa kwa ugumba. Baadaye wanaume hao walipata saratani. Seli zile zinafanana na seli za uzazi za mtoto aliye bado tumboni. Ni kama zilikataa kukua. Leo inafahamika kwamba karibu saratani zote za korodani za vijana hutokana na seli hizo, kwamba seli hizo hulala kimya utoto wote, na kwamba homoni za balehe huziamsha. Mtu akikutwa nazo, karibu nusu ya watu kama yeye hupata uvimbe kamili ndani ya miaka 5. Kwa hiyo ugonjwa unaoonekana uwanjani mtu akiwa na miaka 28 ulitegwa kabla hajazaliwa. Wanaume wa Denmark, Norway na Sweden waliozaliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili walipata saratani hii kwa kiwango kidogo kuliko waliozaliwa kabla na baada yao. Ishara kwamba maisha ya mama wakati wa ujauzito yana mkono wake humo. Na wahamiaji waliofika Sweden wakiwa watu wazima waliendelea na kiwango cha nchi walikotoka, huku watoto wao waliozaliwa huko wakielekea kiwango cha wenyeji. Familia zetu zenye watoto wa kiume waliozaliwa Stockholm au Copenhagen zinapaswa kulijua hili.

Sasa alama ya mwili iliyo nzito kuliko zote: korodani isiyoshuka. Kati ya watoto wa kiume 100 waliozaliwa kwa siku zao, 2 hadi 4 huzaliwa na korodani moja au mbili zikiwa bado njiani. Kwa njiti idadi ni kubwa zaidi, inaweza kufika 30 kati ya 100. Nyingi hushuka zenyewe miezi ya mwanzo, na mtoto akitimiza mwaka hubaki kama 1 kati ya 100. Baada ya miezi 6 matumaini ya kushuka yenyewe huwa madogo sana. Huyu aliyebaki anapokuwa mkubwa, uwezekano wake wa kupata saratani ni mara kadhaa ya wengine, na hatari humfuata kidogo hata kwenye korodani ile nyingine iliyoshuka vizuri.

Uzuri ni kwamba alama hii, tofauti na nyingine zote nitakazozitaja, inaweza kushughulikiwa. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wanaume karibu 17,000 waliofanyiwa operesheni ya kushusha korodani. Waliofanyiwa kabla ya miaka 13 walikuwa na hatari kama mara 2 ya wanaume wengine. Waliofanyiwa wakiwa na miaka 13 au zaidi walikuwa na hatari zaidi ya mara 5. Balehe ndiyo mpaka, kwa sababu ile ile niliyoieleza ya homoni. Siku hizi madaktari wa upasuaji wa watoto wanataka operesheni ifanywe kati ya miezi 6 na 18, pia kwa ajili ya kulinda uwezo wa kuzaa.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo kisa cha Haller kinapogusa kliniki zetu. Tanzania na Kenya mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi 9, kisha tena miezi 18. Tarehe hizo mbili zinaangukia ndani ya muda wa operesheni hii. Mama keshafika, mtoto keshavuliwa, kadi iko mkononi. Kumpapasa mtoto kwa vidole viwili na kuhakikisha korodani zote mbili zipo kunachukua sekunde chache. Mara nyingi halifanyiki, kwa sababu foleni ni ndefu, na kwa sababu mama huona haya kuuliza. Asione haya. "Sista, naomba umwangalie na huku chini, naona kama upande mmoja mtupu," basi, imetosha. Nyumbani wakati mzuri wa kuangalia ni mtoto akiwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, mikono ya mama nayo ikiwa na joto, kwa maana baridi huifanya korodani ipande juu kwa muda hata kwa mtoto asiye na tatizo. Ikionekana kwenye maji hayo ya uvuguvugu ikiwa mahali pake na kukaa hapo, hiyo ni ya kupandapanda tu, haihitaji kisu. Itaangaliwa tena akikua. Ikiwa haionekani kabisa, apelekwe hospitali ya rufaa. Bibi anaposema "itashuka tu akianza kutembea", anasema kwa mapenzi, lakini kwa mtoto aliyekwisha pita miezi 6 anamcheleweshea.

Kundi la pili la alama ni damu, kwa maana ya ukoo. Mwanamume ambaye kaka au mdogo wake ameugua ana hatari mara 8 hadi 10 ya kawaida. Ambaye baba yake ameugua, kama mara 4. Hizo ni namba kubwa kuliko za saratani nyingi zinazosemwa kuwa "za kifamilia". Tafiti za mapacha wa nchi za Nordiki zinaonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya tofauti ya hatari kati ya watu inatokana na urithi.

Kwa hiyo wanasayansi walitafuta jeni moja kubwa, mfano wa zile zinazofahamika kwa saratani ya matiti. Hawakuipata. Walichopata ni jeni nyingi ndogondogo. Mwaka 2009 makundi mawili, moja la Marekani na jingine la Uingereza, yalitangaza kwa wakati mmoja kwamba sehemu ya kromosomu ya 12 yenye jeni iitwayo KITLG ina tofauti inayozidisha hatari kwa zaidi ya mara 2 na nusu. Jeni hiyo hutoa ujumbe unaoziongoza seli za uzazi za kijusi, huzilinda na kuzisaidia kuendelea kuishi. Hiyo hiyo inahusika na seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Na ile aina yake inayoongeza hatari inapatikana kwa wingi zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya kuliko kwa wenye asili ya Afrika. Hii ni sehemu ya maelezo ya jambo lililoonekana miaka mingi: Norway na Denmark ziko juu duniani, wagonjwa kama 10 au zaidi kwa kila wanaume 100,000 kwa mwaka, nchi nyingi za Afrika ziko chini ya 1, na Marekani, ambako watu wanaishi chini ya anga moja, wanaume Wazungu huugua mara 4 hadi 5 zaidi ya Weusi. Mwaka 2020 dunia nzima ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya kama 74,000, na vifo kama 9,300.

Kufikia mwaka 2021 sehemu za jeni zilizohusishwa na ugonjwa huu zilikuwa zimefika 78. Ukizijumlisha zote na kumpa kila mtu alama, wale asilimia 5 walio juu kabisa wana hatari karibu mara 7 ya mtu wa katikati. Inatisha, mpaka uikokotoe. Marekani, mwanamume 1 kati ya 250 hivi hupata saratani ya korodani maishani. Zidisha kwa 7: karibu 3 kati ya 100. Wanaume 97 waliobaki kwenye kundi hilo la juu hawataugua kamwe. Kuna na upungufu mdogo kwenye kromosomu ya Y, unaohusishwa pia na uhaba wa mbegu, ambao huongeza hatari takriban mara 2. Hesabu ni ile ile: wengi wanaoubeba hawataugua.

Kwa mtu kama Haller, au Boëtius mwenye asili ya Suriname, makabati ya takwimu yenye majina "Wazungu" na "Weusi" hayana jibu lake. Jeni za mtu hazikai kwenye kabati moja. Na nasema wazi kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam: kuwa Mwafrika hupunguza hatari, hakuifuti. Ubaya wa kudhani imefutwa unaonekana Marekani, ambako Weusi wachache wanaougua hufika hospitali ugonjwa ukiwa umesonga zaidi.

Alama nyingine nitazipitia haraka. Ugumba: mwanamume mwenye mbegu chache ana hatari iliyozidi, kwa hiyo anayechunguzwa kwa kukosa mtoto apapaswe korodani na kupigwa altrasaundi, asiishie kwenye kikombe cha maabara. Korodani iliyosinyaa, ndogo kuliko mililita 12, nayo ni alama. Tundu la mkojo lililo chini ya uume badala ya nchani, na ngiri ya utotoni, zina uhusiano mdogo. Urefu wa mwili una uhusiano pia, wala usimnyime mtu usingizi. Chembechembe za chokaa zinazoonekana kwenye altrasaundi huwaogopesha wengi. Zikiwa peke yake, bila korodani isiyoshuka, bila ukoo, bila kusinyaa, miongozo ya Ulaya haitaki hata mtu afuatiliwe kila mwaka. Alama nzito iliyobaki ni kuwa umewahi kuugua upande mmoja: upande wa pili una hatari kama mara 12 ya kawaida.

Sasa tuzipime zote kwa pamoja. Kati ya wagonjwa wa saratani ya korodani, ni kama 1 kati ya 10 tu aliyewahi kuwa na korodani isiyoshuka. Wenye ndugu aliyeugua hawafiki 2 kati ya 100. Yaani ungechukua wanaume wote 500 wa Bundesliga, ukawapanga kwa alama hizi, ukaanza kuwatazama wale wa juu, kuna uwezekano mkubwa kwamba wengi wa wale wanne wangekuwa kwenye mstari wa nyuma, wakisubiri zamu isiyofika. Msimamo wangu ni huu: alama za hatari zina nguvu kwa mtoto mchanga na kwa ndugu wa mgonjwa. Kwa kijana mwenye afya aliyesimama uwanjani hazina nguvu ya kutosha, na anayemuuzia kipimo cha jeni kwa ajili ya ugonjwa huu anamlia pesa. Hata kupima vijana wote wasio na dalili kumekataliwa na jopo la kitaifa la kinga la Marekani, mwaka 2011, kwa sababu ugonjwa ni nadra na hupona hata ukigunduliwa baadaye kidogo. Linalobaki kwa kijana ni mkono wake mwenyewe.

Namna ya kujipapasa haina ufundi mkubwa. Baada ya kuoga maji ya moto, mfuko ukiwa umelegea, zungusha kila korodani kati ya dole gumba na vidole vya mbele. Inatakiwa iwe laini, sawasawa, kama yai la kuchemsha lililomenywa. Moja kuning'inia chini kuliko nyingine ni kawaida. Nyuma yake kuna kamba laini yenye mikunjo. Hiyo ni njia ya mbegu, na vijana wengi hufika hospitali wakidhani ndiyo uvimbe. Kinachotafutwa ni kitu kigumu kilicho ndani ya korodani yenyewe, au korodani nzima iliyokuwa nzito na ngumu kuliko mwenzake. Mara nyingi hakiumi. Kutouma ndiko kunakomfanya mtu akae nacho mwaka mzima. Wengine huhisi uzito chini ya tumbo, wengine matiti huvimba na kuuma kwa sababu uvimbe unatoa homoni, wengine mgongo huuma, kwa kuwa saratani imerudi kwa njia ile ile korodani ilikopitia, hadi kwenye tezi za limfu zilizo kando ya figo. Kijana wa miaka 25 mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha hupewa dawa za kutuliza na kuambiwa apunguze kubeba mizigo. Avuliwe nguo apapaswe.

Pwani yetu tuna tatizo letu. Kuanzia Lamu na Kilifi hadi Tanga, Lindi na Mtwara, matende na mabusha ni ugonjwa wa miaka mingi, na mfuko ukivimba jibu liko tayari mdomoni: busha, mshipa. Mara nyingi ni kweli. Ila kuna busha linalotokana na uvimbe wa saratani uliojificha ndani, maji yakiuzunguka. Daktari kwenye chumba chenye giza huweka tochi nyuma ya mfuko. Maji matupu hung'aa kwa wekundu, na kitu kigumu huleta kivuli. Tochi ni mwanzo mzuri, haitoshi. Kijana wa chini ya miaka 40 mwenye "busha" jipya, ambaye korodani yake haishikiki kwa sababu ya maji, apigwe altrasaundi kabla mtu yeyote hajamtoboa kwa sindano.

Hiyo sindano, pamoja na kisu kinachopita kwenye ngozi ya mfuko, ndilo kosa linaloharibu kesi. Ngozi ya mfuko humwaga limfu yake kwenye mitoki ya kinenani. Korodani, kwa sababu ya safari yake, humwaga kule juu karibu na figo. Ukikata kupitia mfuko unaifungulia saratani njia mpya ambayo haikuwa nayo. Kwa hiyo korodani hutolewa kwa mkato wa kinenani, ikivutwa juu pamoja na kamba yake. Vilevile hakuna kukata kipande kidogo kwanza ili kipimwe, kama ifanywavyo kwa uvimbe wa titi. Mgonjwa akielezwa hilo mapema haogopi, wala hadhani ameonewa.

Kabla ya operesheni hutolewa damu kuangalia vitu vitatu ambavyo uvimbe huweza kuvizidisha kwenye damu: AFP, hCG na LDH. Hivi havitabiri nani ataugua. Huonyesha uvimbe uliopo una tabia gani na kama umeondoka. hCG ni homoni ile ile inayogeuza rangi kipimo cha mimba, na kwa kuwa wanamichezo wanaume wamekatazwa kuitumia, maabara za kupambana na dawa haramu huitafuta kwenye mkojo. Mchezaji wa voliboli ya ufukweni wa Marekani, Jake Gibb, aligunduliwa hivyo mwaka 2010: kipimo cha dawa haramu kilionyesha homoni isiyotarajiwa, na chanzo kikawa saratani ya korodani. Baada ya operesheni hCG hupungua kwa nusu kila baada ya siku moja hadi tatu, AFP kila siku 5 hadi 7. Zisiposhuka kwa mwendo huo, kuna mbegu ya ugonjwa iliyobaki mahali.

Haller alipata mizunguko minne ya kemo na operesheni mbili, ya pili mwezi Novemba 2022. Januari 2023 alirudi uwanjani. Tarehe 4 Februari, siku ambayo dunia huadhimisha mapambano dhidi ya saratani, alifunga bao lake la kwanza kwa Dortmund dhidi ya Freiburg. Mwaka mmoja baadaye, kwenye AFCON nyumbani kwa mama yake, bao lake pekee liliwatoa DR Congo kwenye nusu fainali, na wengi wa Goma na Lubumbashi bado hawajalisahau. Siku nne baadaye, dakika ya 81, akaifunga Nigeria bao la pili, na kombe likabaki Abidjan.

Watu waliita muujiza. Mimi nauheshimu mwili wake na moyo wake, lakini kilichomponya kinajulikana kwa jina: tiba zilizojengwa juu ya sisplatini. Mwaka 1974 Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana alianza kuichanganya na dawa nyingine kwa vijana ambao saratani yao ilikuwa imesambaa, na ugonjwa uliokuwa ukiua wengi wao ukaanza kupona. Leo anayewahi hatua ya kwanza hupona kwa zaidi ya asilimia 98, na hata aliyesambaa kwa kiwango kidogo hupona kwa zaidi ya asilimia 90. Sisplatini, bleomisini na etoposidi zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Chuo hicho hicho cha Indiana kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo ujuzi huu hauko mbali nasi. Kemo ya saratani hutolewa Ocean Road, Bugando, Eldoret, Kenyatta, Kampala na Butaro. Kinachotushinda zaidi ni miezi inayopotea kati ya kidole kukuta uvimbe na mguu kufika kwenye mlango huo, na bili inayofuata.

Kuna jambo moja linalosahaulika katika haraka hiyo. Kemo inaweza kuharibu mbegu kwa muda au moja kwa moja, na kijana wa miaka 24 huenda hajaoa. Panapowezekana kuhifadhi mbegu, aulizwe kabla ya dripu ya kwanza. Korodani moja iliyobaki ikiwa nzima inatosha kwa homoni na kwa watoto. Hilo aambiwe waziwazi, mkewe au mchumba wake akiwapo kama yeye mwenyewe anataka.

Baadaye hufuata miaka ya kupimwa damu na kupigwa picha, mara nyingi zaidi miaka miwili ya mwanzo, na kuiangalia korodani iliyobaki, kwa sababu kama wagonjwa 2 kati ya 100 huugua upande wa pili ndani ya miaka 15. Na ndugu zake wa kiume waambiwe, walioko nyumbani na walioko Muscat au Minneapolis, hata kama kwa simu na hata kama ni aibu: "Mdogo wangu, nimetolewa korodani moja, ni saratani. Jipapase ukioga. Ukikuta kitu kigumu, nenda wiki hii hii, na ukifika sema kwanza kwamba kaka yako ameugua." Daktari akilisikia hilo, ana sababu ya kutoichelewesha altrasaundi.